Jina la Samy Lilipoitika

Jioni ile mvua ilikuwa imekatika Kikula, mtaa wa wachimba shaba. Mathilde alitegesha chungu cha sombe, majani ya muhogo, kwenye mbabula yake ya makaa, akaketi mbele ya ordinateur, kompyuta yake ya Linux, ile anayoandikia watu barua za kuomba kazi. Hakuna ukurasa uliofunguka. Aliuita mtandao kwa namba, ukajibu. Aliuita kwa jina, kimya. Ugonjwa huo aliujua: njia ipo, anayejua majina ndiye kapotea. Akafungua faili la resolv.conf, linalotaja seva ya kuulizia majina, akakuta seva ambayo si yeye aliyeiweka.

Ili aijaribu, aliandika neno la kwanza lililomjia: Eddy. Huyo ni mdogo wake. Shimo la shaba lilimfunika masika yaliyopita, na shirika lenye mgodi likasema mle hamkuwa na mtu, basi hakuna aliyefukua.

Eddy alijibu, kwa namba. Jibu lilichelewa kidogo, maana lilitoka chini, shimoni. Mathilde alilia, kisha akaenda kukoroga sombe, maana sombe haingoji kilio cha mtu.

Aliporudi aliandika jina lake mwenyewe: halijulikani. La jirani yake Fortunée: halijulikani. La Jimmy, aliyeshuka pamoja na Eddy siku ile na hakupanda tena: likaitika, namba ile ile ya Eddy. Ndipo vidole vikaandika Samy.

Samy ni mumewe. Alikuwa uani, mzima, akiosha mabuti ya kushukia mgodini kesho. Jina lake liliitika papo hapo, kwa namba ya Eddy.

Mathilde aliogopa. Alizima modem, akaiwasha, akafuta kumbukumbu zote za majina, akauliza tena. Namba ile ile. Lisemwalo lipo, kama halipo, laja.

“Baba Hadassa, kuja uone.”

Samy aliingia na mikono yenye maji, akasoma jina lake na namba ya Eddy.

“Njo kule Eddy iko?”

“Njo kule.”

“Na miye pia.”

“Kesho usiende. Nakuomba.”

Samy alimtazama Hadassa, binti yao, aliyelala kwenye mkeka kabla chakula hakijaiva.

“Mutoto atakula nini? Hata vile, sitakuwa peke yangu. Eddy iko.”

Mathilde alifuta ile seva ngeni kwenye faili, akaandika seva nyingine inayojulikana, akiomba kimoyomoyo. Aliuliza: Samy, halijulikani. Eddy, halijulikani. Dunia ikafunguka, na ukurasa wa kwanza kutokea ulikuwa wa lile shirika. Tangazo lao la masika yale lilikuwa palepale, chini ya picha ya wakubwa wenye kofia nyeupe: mgodini hamna mtu.

“Unaona,” alisema Samy, “imepona.”

Akayaweka mabuti yake karibu na mbabula, yakauke kabla ya asubuhi. Mathilde aliyasogeza mbali na moto, yasikauke. Samy akayarudisha.