Ngumi ya Mwosha

1.

Kabla ya yote, tazama mkono wako wa kulia. Uko wazi au umefumbwa?

Basi. Uache hivyo hivyo mpaka tumalize.

2. TANGAZO

Uongozi wa msikiti wa mtaa wa Chemchemi unasikitika kutangaza kifo cha Bi Mwanahawa binti Ijengo, mwosha maiti, kilichotokea leo alfajiri nyumbani kwake. Maiti ataoshwa hapo hapo nyumbani na kuswaliwa baada ya adhuhuri. Waosha wa kike wamepatikana kutoka mtaa wa pili. Mtu mwingine asiingie uani.

(Chini, kwa kalamu nyingine:) Hata bintiye.

3.

Bintiye anaitwa Saumu. Anaitwa pia Apolonia. Jina la kwanza alipewa na mama yake. La pili alipewa na padri miaka ishirini na sita iliyopita, alipoolewa na mwalimu wa shule ya misheni.

Bi Mwanahawa hakuhudhuria harusi. Siku ya tatu alikuja peke yake na kuku wawili, akakaa jikoni, akatazama huku na huku, akasema jiko linavuta moshi vibaya. Alipokuwa anaondoka ndipo aliposema lililomleta.

"Umehama chumba, mwanangu, hukuhama nyumba. Siku yangu ikifika, wewe ndiye utakayeniosha."

Saumu alikubali. Leo saa tatu asubuhi amefika kutimiza, na kaka yake Swalehe amekalia kizingiti cha mlango wa uani. Hakumfukuza. Alimpa kiti.

4. VILIVYOMO KATIKA KIKAPU CHA MWOSHA

majani ya mkunazi, makavu
karafuu maiti, kipande kimoja ndani ya gazeti
pamba
nusu mche wa sabuni
kata ya kibuyu
vifuko viwili vya kitambaa, vya kuvaa mkononi
kamba ya mafundo

Kamba haimo.

Bi Mwanahawa hakujua kuandika. Kila mwanamke aliyemwosha alimfungia fundo katika kamba ya katani: Waislamu wa mtaani, na Wakristo wa zahanati ya misheni, ambako hapakuwa na mwingine wa kazi ile. Fundo la huyu na fundo la yule lilikuwa fundo lile lile. Saumu alipokuwa mdogo aliwahi kuuliza atawatofautishaje siku akiulizwa.

"Mimi naosha," mama yake alijibu. "Kupokea si kazi yangu."

5. YALIYOSIKIKA BARAZANI

— Mwosha huoshwa.

— Ndiyo. Lakini na nani?

— Apolonia! Jina refu kuliko kitenge alichovaa.

— Mwacheni, amefiwa huyo. Mungu ni mmoja.

— Mmoja, sawa, lakini namba ya kumpigia si moja.

— Kwani Mungu ana laini mbili?

— Nyamazeni. Shehe huyo.

6.

Shehe Ramia alimkuta Saumu bado amekaa kwenye kile kiti. Alimpa mkono wa pole kwa maneno marefu, maana alimpenda marehemu. Marehemu ndiye aliyemwosha mama mzazi wa shehe. Saumu akamwomba ruhusa. Shehe akasema vitabuni njia haikosi, ila yeye haulizwi na vitabu, anaulizwa na watu, na watu wa mtaa huu wakishasema maiti hakuoshwa, basi hakuoshwa. Akauliza kama dada Saumu anaelewa.

Saumu akasema anaelewa. Kisha akauliza kama Mungu wake na wa mama yake si mmoja.

"Aliyetuumba ni mmoja," shehe akasema. "Lakini dua ni barua, dada yangu, na yenu imeandikwa anwani nyingine. Maiti wetu akiombewa kwa anwani hiyo, haimfikii. Anakaa huko chini mtupu, kama hakuzaa."

Saumu alitazama vidole vya miguu ya shehe.

Mama yako, aliwaza.

7. (Kisa hiki hakikutangazwa. Mama alimsimulia binti mara moja tu, wakichambua mchele.)

Miaka thelathini nyuma, siku ya mnada, lori liliacha njia pale kwenye mto wa mchanga. Wanawake wawili walikufa. Mmoja Bi Mwanaidi, mama yake Ramia; siku hizo Ramia alikuwa bado kijana. Wa pili Theresia, mke wa mpiga kengele wa misheni. Nyuso zao zilikuwa haziwezi kuonyeshwa mtu.

Bi Mwanahawa aliwaosha wote wawili zahanati. Aliwavika sanda wote wawili, kwa kuwa jeneza la Theresia lilikuwa bado kwa seremala. Akamlaza Mwanaidi upande wa dirishani na Theresia upande wa ukutani, akatoka kumwaga maji.

Huku nyuma mtu alisogeza vitanda kupisha jeneza.

Wanaume waliingia. Wa dirishani akachukuliwa na Waislamu. Wa ukutani akatiwa jenezani. Bi Mwanahawa alisimama mlangoni kuaga, na jeneza la Wakristo lilipompita, alisikia harufu ya karafuu maiti.

Alikuwa amemtia mmoja tu. Mwanaidi.

Kule makaburini, Ramia alikuwa ameshashuka shimoni. Alimpokea mama wa watu kwa mikono yake, akamwelekeza kibla.

Bi Mwanahawa alirudi nyumbani. Alifunga mafundo mawili, akayafunga tena pamoja yakawa moja.

"Hakuna aliyerudi kulalamika," alimwambia Saumu, akipeta mchele. "Si wa juu, si wa chini."

8.

Saa sita mchana Bi Zamda, mkubwa wa wale waosha wawili, alitoka nyuma ya pazia la khanga. Mikono yake ilikuwa inachuruzika maji. Akamwita shehe kando, ila uani hakuna kando, kila mtu akasikia.

Mkono wa kulia wa maiti umefumba ngumi. Wamejaribu maji ya uvuguvugu, wamejaribu mafuta. Wamenyoosha kiwiko, kimenyooka. Wamekunja goti, limekunjika. Mwili wote ni laini kama wa mtu aliyelala.

Ila

9.

mkono.

10. FOMU YA KIFO, OFISI YA MTAA

Jina la marehemu: Mwanahawa Ijengo
Jinsi: Ke
Dini: Mwislamu
Kazi: Mwosha
Uhusiano wa mtoa taarifa: Mtoto
Dini ya mtoa taarifa:

(Fomu haina sehemu hii. Imeongezwa kwa mkono, haikujazwa.)

11.

Adhana ya adhuhuri ilipita. Watu waliswali, wakarudi, wakakaa. Mwili usiooshwa kiganja haujaoshwa, Bi Zamda alisema, na yeye hawezi kuvunja vidole vya mwosha mwenzake.

Simu ya Saumu ililia mara moja. Ujumbe kutoka kwa mumewe. *Muoshe mama, lakini usitamke dua zao. Mungu wetu si huyo. Nakuombea.*

Swalehe ndiye aliyeinuka kwenye kizingiti. Hakumtazama mtu yeyote.

"Pita," alimwambia dada yake. "Ufungue mkono tu."

Ndani palinuka mkunazi. Maji yalikuwa yakidondoka polepole kwenye ufuo, lile shimo linalochimbwa chini ya kitanda kupokea maji ya maiti. Saumu alichuchumaa, akaweka kiganja chake juu ya ngumi. Hakukaza.

Vidole vilifunguka kimoja kimoja, kama vya mtu anayehesabu.

Kamba ilikuwemo.

Akaitoa. Bi Zamda akashusha pumzi, akamnong'oneza, "Toka sasa, mwanangu, umemaliza." Saumu akataka kuinuka.

Mkono ukafumba tena. Safari hii mkono wa Saumu ulikuwa ndani.

12.

"Mmemaliza?" Sauti ya shehe, nje ya pazia.

Yule mwosha mdogo alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani. Bi Zamda alitazama mikono ile miwili, akamtazama Saumu usoni, naye hakuona mtu anayevuta.

"Mmemaliza?"

"Mimina," Saumu alisema.

Bi Zamda akachota kata ya kwanza. Maji yalipita juu ya mkono wa aliyekufa na wa aliye hai, yakashuka pamoja. Kata ya pili. Kabla ya ya tatu lilibaki neno moja, lile ambalo mama yake alimfundisha kulisema kabla hajajua kufunga viatu, ambalo mwosha asipolisema anahisi hajaanza. Saumu alifumbua midomo, akasema

13.

Walizika alasiri. Mkono ulikuwa wazi.

Watu walipopungua, Shehe Ramia alikuja na kamba. Alikuwa ameipokea kwa Swalehe, ambaye hakutaka ilale ndani mwake. Alikuwa ameihesabu, akakwama. Akamwonyesha Saumu kwa kidole gumba.

"Hili limeshikana na jingine. La nani?"

Mama yake alikuwa amefunga jibu humo, si mdomoni mwake. Na mtu huyu ndiye aliyesema barua haifiki. Neno moja, na miaka thelathini ya Ijumaa kaburini kwa mama yake ingemwangukia kichwani.

"Shehe, dua unazomsomea mama yako zinamfika?"

"Zinamfika."

"Unajuaje?"

"Ananijia usingizini. Ameshiba, ana nuru. Ananishukuru. Ila kitu kimoja sijamwambia mtu. Ile sauti si yake. Ananiita mwanangu, na sauti si ya mama. Nilidhani kifo hubadilisha sauti."

Upepo ulikuwa umetulia. Kutoka kwa Saumu, au kutoka kwenye kamba, ilikuja harufu ya karafuu maiti.

"Basi zinafika," Saumu alisema.

Shehe alitazama fundo. Alilitazama muda mrefu kuliko fundo linavyohitaji kutazamwa.

14.

Ijumaa iliyofuata watu walimwona shehe. Aliswalisha, akatoka, akapita makaburi yetu bila kugeuza shingo. Akapanda kilima cha misheni. Pale kwenye ua wa minyaa unaozunguka makaburi ya Wakristo alisimama, viganja vimefunguliwa mbele ya kifua, midomo inacheza.

Hakuingia. Hakurudi.

Wanaosema walikuwa karibu wanasema alikuwa haombi. Alikuwa anaita jina, kisha ananyamaza kidogo, kama mtu anayesikiliza

15.

Sasa tazama mkono wako.