Kisanduku Kilichoisoma Nyumba

Fundi wa mitandao alikifunga kisanduku ukutani, juu ya friji, kwa skrubu nne, kwa sababu hapo ndipo waya wa intaneti ulipoingilia na hapo ndipo palipokuwa na soketi isiyolegea. Ilikuwa nyumba yake ya tatu siku hiyo. Magoti yalimuuma, na mwenye nyumba, mama mmoja aliyefiwa na mumewe miaka miwili nyuma, alisimama chini akiishikilia ngazi kwa mikono miwili kana kwamba juu yake kuna yai.

Mama alitaka fayawoli. Tuseme shemeji yake ndiye aliyeitaka, mdogo wa marehemu, ambaye nyumba nzima pamoja na majirani walimwita Baba Mdogo. Yeye alikuwa amesoma mahali kwamba wezi wa siku hizi hawaruki ukuta, wanapita kwenye waya. Fundi alimweleza mama kwa lugha nyepesi: kisanduku hukaa kama bawabu, kila kinachotaka kuingia au kutoka kinaulizwa, na jibu linatoka kwenye orodha ya kanuni inayosomwa kuanzia juu kwenda chini. Mama akatikisa kichwa kukubali kama wafanyavyo wateja wote, yaani hakuelewa na hakuwa na haja ya kuelewa.

Hapo ndipo fundi alipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa la mtu aliyechoka. Kazi hii inatakiwa kufanywa kwa mkono: unakaa na wenye nyumba, unawauliza kipi kiingie na kipi kisiingie, unaandika kanuni moja moja. Inakula alasiri nzima. Baada ya miaka kumi na sita ya kuuliza na kujibiwa "wewe weka tu", fundi alikuwa amejizoesha njia ya mkato. Alikiweka kisanduku katika hali ya kujifunza, akakunja ngazi, akaenda zake. Kwa siku saba kisanduku hukaa kimya kikiitazama nyumba inavyoishi, halafu kinajiandikia kanuni chenyewe. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Runinga zao zilicheza, simu zao zilishika, na yeye aliwahi kufika kwake.

Siku ya nane, Jumatatu, mama alipiga simu. Alianza kwa shukrani, intaneti ilikuwa na kasi na haikatiki. Akauliza hali ya magoti. Kisha, kama mtu anayekumbuka jambo kidole kikiwa tayari kukata simu, akasema kuna binti yake, haingii.

"Haingii kwenye intaneti?" fundi aliuliza.

"Haingii nyumbani. Anafika getini, basi."

Fundi alisema atapita Alhamisi, maana Jumanne na Jumatano zilikuwa zimejaa.

Alhamisi saa kumi na robo alimkuta binti nje ya geti, amekaa kwenye benchi la mbao na sare yake ya duka la dawa, bahasha mapajani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye adabu, aliyeinuka kumwamkia. Fundi alimwomba amwonyeshe tatizo, kwa sababu fundi haamini asichokiona. Geti lilikuwa wazi. Binti akanyanyua mguu wa kulia kuvuka. Mguu ukafika juu ya sakafu ya ndani, ukabaki hewani kimo cha kiganja, haushuki. Hakuna kilichousukuma. Akajaribu wa kushoto, mambo yakawa yale yale. Akarudi kukaa.

"Mlango wa nyuma umejaribu?"

"Nimejaribu, dada. Hata dirisha la stoo."

Fundi akaandika kwenye simu yake: milango yote. Akapita, mguu wake ukashuka vizuri tu, akaenda jikoni.

Alianza palipo rahisi. Alikagua waya, akauhamishia tundu jingine, akakizima kisanduku, akahesabu mpaka thelathini, akakiwasha. Kila baada ya hatua mama alikwenda dirishani na kumwambia binti ajaribu sasa. Binti alijaribu, mama alirudi na kutikisa kichwa. Sebuleni Baba Mdogo alikuwa akitazama mpira kwenye kompyuta, miguu juu ya meza, na aliomba wasizimezime mambo, goli limempita.

Basi fundi akafungua kumbukumbu, pale kisanduku kinapoandika kila aliyebisha hodi. Binti alibisha kila siku saa kumi na dakika kumi, anapotoka kazini, na kila mara alikataliwa. Barua tatu kutoka gerezani, zenye anwani ya nyumba hii, zilikataliwa pia, na fundi akakumbuka kuwa alikuwa ameziona zimelala chini ya benchi zikipigwa na jua. Akapanda kwenye orodha ya kanuni. Ya kwanza ilisema Baba Mdogo aruhusiwe, milango yote, saa zote. Ya pili ilisema binti akataliwe. Mbele ya kila kanuni kuna nafasi ya kueleza sababu, ambayo kwa kawaida hubaki tupu. Hapa kisanduku kilikuwa kimejaza: mazoea ya nyumba.

Fundi hapendi kuingilia mambo ya watu, ila huwezi kurekebisha kanuni usiyoijua asili yake. Aliuliza. Mama alimjibu huku akikunja nguo, kwa sauti ya kusimulia ajali ya watu wengine.

Miaka mitatu iliyopita gari la nyumba hii lilimgonga mwendesha baiskeli, akafa. Aliyekuwa akiendesha ni Baba Mdogo. Dereva wa familia siku hiyo alikuwa kwake, amepewa mapumziko. Kikao kikakaa sebuleni, kikaamua kwamba Baba Mdogo ana heshima zake mjini na dereva ni dereva, kazi yake ni kuendesha. Watu watano wa nyumba moja wakasimama mahakamani wakasema aliyeendesha ni dereva. Dereva akapewa miaka tisa. Binti peke yake alisema alichokiona, hakimu akamwona ana ugomvi na baba yake mdogo, na baba mwenyewe, mwenye gari, alikaa kimya mpaka akafa.

Tangu hapo hakuna aliyemfukuza binti. Mama alisisitiza hilo mara mbili. Alikuwa akija, akiketi kwenye kiti cha karibu na mlango, akiletewa chai kwenye kikombe cha wageni, na mazungumzo yalikuwa yakikatika anapoingia na kuendelea anapoondoka. Kisanduku kilikuwa kimeyatazama hayo kwa siku saba, kikayaandika.

"Na sasa anataka nini?" fundi aliuliza.

Mama alinyoosha kidole kwenye droo ya kabati la runinga. Dereva alikuwa amekumbuka, huko alikofungwa, kwamba marehemu mzee aliandika kwenye daftari jina la kila aliyechukua ufunguo wa gari, na tarehe, na saa. Akamwandikia binti. Rufaa yake ilikuwa inasikilizwa kesho, Ijumaa, saa tatu asubuhi.

Fundi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alijiona mjinga, na zaidi ya ujinga aliona uchovu, kwa sababu alijua angeweza kuyauliza haya wiki iliyopita. Akachukua pini, akaibonyeza kwenye kitundu cha nyuma kinachokirudisha kisanduku kilivyotoka kiwandani. Orodha ikawa nyeupe. Kwa muda wa kuchemsha kikombe kimoja cha chai nyumba haikuwa na kanuni hata moja, na binti nje akaanza kunyanyua mguu. Halafu Baba Mdogo aliita kutoka sebuleni kwamba aletewe maji, mama akaacha nguo akampelekea, akarudi bila kutazama dirishani. Kanuni zikajiandika upya, ya kwanza na ya pili, pamoja na sababu zake. Hakikuhitaji siku saba tena.

Ilibaki njia moja. Mwenye nyumba anaweza kuifuta kanuni yoyote kwa kidole chake mwenyewe. Fundi alifungua ukurasa wa kanuni kwenye simu yake, akaiweka mbele ya mama kwenye meza ya jikoni. Kioo kiliuliza kama ana uhakika. Chini palikuwa na ndiyo na hapana.

Mama alijifuta mikono kwenye kanga. Kidole kilikwenda mpaka karibu na ndiyo, kikatulia.

"Nikibonyeza ataingia?"

"Ataingia, mama."

"Na daftari atalichukua."

"Hilo ndilo alilolifuata."

Mama alitazama droo. Akamtazama binti yake kupitia dirishani, kwa muda mrefu, kwa upendo ambao fundi aliuona waziwazi na baadaye hakuweza kuusahau. Sebuleni goli liliingia na Baba Mdogo akapiga kofi moja la furaha.

"Yule ndiye aliyemzika mume wangu," mama alisema. "Ndiye anayenibadilishia gesi. Kanisimamia kwa mengi." Akakirudisha kidole. "Acha tu, mwanangu. Intaneti si inafanya kazi?"

Fundi alikasirika, na hasira ilimchosha kuliko ngazi. Alikwenda kwenye kabati, akavuta droo, akalitoa daftari. Lilikuwa la jalada gumu, na mwandiko wa marehemu ulikuwa mdogo na nadhifu. Siku ile ilikuwepo, na jina lilikuwepo: mdogo wangu, saa nane na nusu. Mama hakumzuia. Alimtazama tu, kama mtu anayemtazama mwingine akibeba mzigo aliopaswa kuubeba yeye.

Alitoka nalo mpaka getini. Alivuka, na mkono wake ukavuka, lakini daftari lilibaki ndani, likaanguka chini kwenye sakafu upande wa pili. Fundi akainama, akainyoosha mikono yote miwili, akalivuta. Lilifika kwenye mstari wa geti likasimama. Kilichomo ndani hakiruhusiwi kutoka, kanuni ya tatu, ambayo hakuwa ameisoma. Alilifungua hapo hapo chini akalipiga picha kwa simu. Picha ilipofika upande wa nje ilikuwa karatasi nyeupe yenye mistari.

"Nimeuona mstari wenyewe," alimwambia binti. "Naweza kuja kesho niseme."

"Maneno walishayasikia, dada," binti alisema. "Wanataka karatasi."

Mama alitoka ndani polepole, akaliokota daftari, akalifuta vumbi kwa ukingo wa kanga, akarudi nalo. Fundi alitaka kumfuata akachukue mkoba na ngazi yake. Alinyanyua mguu. Mguu haukushuka.

Alisimama hivyo kidogo, mguu mmoja hewani, akifikiri. Alijua kilichotokea: orodha ilikuwa imepata kanuni ya nne. Kisanduku kilijifunza haraka, na yeye ndiye aliyekichagua dukani kwa sifa hiyo. Mkoba mama alimpitishia, ukapita, kwa kuwa haukuwa mali ya nyumba. Ngazi ilikuwa nzito, ikabidi ibaki.

Ijumaa rufaa ilisikilizwa kwa dakika kumi na mbili. Ilitupwa kwa kukosa ushahidi mpya. Dereva alirudishwa kumalizia miaka sita iliyobaki.

Jumatatu fundi alirudi kuifuata ngazi, kwa sababu mteja mwingine alikuwa anamsubiri na ngazi ya kuazima ilikuwa fupi. Binti alikuwa kwenye benchi, na barua sasa zilikuwa nne. Fundi aliuliza anafuata nini tena, ilhali rufaa imekwisha. Binti alisema hajui, saa kumi ikifika miguu inamleta. Alisogea, akampisha nafasi, na fundi akakaa, maana magoti hayakuwa na mjadala.

Baba Mdogo alifika na mkate chini ya kwapa. Alikuwa mtu mchangamfu. Aliwasalimu wote wawili vizuri, akamwambia fundi kwamba tangu kisanduku kile kifungwe hajaona hata tangazo moja la kipuuzi, na kwamba amempa nyota tano kwenye ukurasa wa kampuni. Akapita getini bila kupunguza mwendo. Baada ya dakika moja akarudi na ngazi begani, akaipitisha nje kwa uangalifu isikwaruze geti, akamtakia kazi njema.

Fundi alitoa simu, kwa kuwa fomu ya kazi ile ilikuwa bado wazi na ofisi ilikuwa imeshamkumbusha mara mbili. Kwenye nafasi ya tatizo aliandika kwamba hakuna. Kwenye nafasi ya maelezo aliandika kwamba fayawoli inafanya kazi kama wenye nyumba wanavyotaka. Aliisoma tena, hakuona uongo, akaituma. Hakuondoka. Mteja mwingine alipiga simu, ikaita mpaka ikanyamaza.

Jua lilipokuwa linapungua mama alitoka, akasimama upande wake wa geti. Alikuwa amevaa kanga ile ile. Aliuliza kama wameshakula, binti akasema bado, na wote watatu wakatazama sakafu ya getini, ambayo ilikuwa imefagiliwa.

"Basi karibuni ndani," mama alisema, kwa mazoea.

Hakuna aliyejaribu kuinuka.