Sukari ya Insiya

Shabir alimpandisha bintiye kwenye mzani wa mchele wa duka lake kwa mara ya tatu asubuhi hiyo, utadhani mzani ungeona haya na kumwongezea. Kilo thelathini na nne. Mwezi uliopita zilikuwa thelathini na saba.

"Baba, mimi si gunia," Insiya alisema huku akikohoa. "Kila siku wanipima tu. Utaniuza lini?"

Shabir alicheka, lakini roho ilikuwa juujuu. Insiya alizaliwa na ugonjwa unaofanya ute wa mwili uwe mzito kama gundi. Ulianza na mapafu. Sasa, akiwa na miaka kumi na mitano, umeharibu na kongosho, na sukari imepanda. Daktari wa Dar alimwandikia insulini, akamwambia Shabir waziwazi: asipunguziwe chakula hata kidogo. Ale wali, mayai, samli, na sindano iende na chakula.

Nyumbani, hata hivyo, kulikuwa na Mama. Mama yake Shabir ameishi na sukari miaka ishirini, na hapo Kibiti majirani wenye sukari humwendea yeye kuuliza wale nini. Aliposikia tu kwamba mjukuu naye anayo, alifunga samli kabatini, ufunguo akaufundika kwenye pindo la nguo. Insiya akawa anapewa dona kiduchu na mchicha wa kuchemsha. Shabir hakumweleza agizo la daktari. Atamfundisha mama yake habari ya sukari? Kila sala alimwomba Mungu amwongezee mtoto uzito, kisha akainuka kwenye mswala na kunyamaza vilevile.

Adhuhuri Insiya alitoka ndani akitota jasho, mikono ikimtetemeka.

"Baba, naona giza."

Muuguzi Mwanajuma, aliyekuja kununua sabuni, alimdaka. "Umechoma sindano? Umekula nini?"

"Mchicha."

Mwanajuma alikoroga sukari kwenye kikombe cha maji, akamnywesha. Mama akatokea mlangoni.

"Sukari juu ya sukari! Wataka kumwua?"

"Bibi, yake imeshuka. Kachoma dawa, tumbo tupu. Huyu hanyimwi chakula, si kama wewe." Akamgeukia Shabir. "Daktari hakukwambia?"

Shabir alitazama sakafu. "Aliniambia."

Mama alimkodolea macho. "Ulijua? Mwezi mzima waniacha nimnyime mjukuu wangu, wewe wajua?"

"Nilikustahi, mama. Nisamehe."

"Heshima gani hiyo!" Alifundua ufunguo, akamtupia. "Fungua wewe. Mimi mikono imekufa."

Insiya alipotulia, Shabir alimpakulia wali, akaumwagia samli, akaweka kando ya sahani vidonge vyake vya kusagia chakula. Mama alikaa kawapa mgongo.

"Na chumvi?" aliuliza bila kugeuka. "Daktari alisemaje?"

"Aongezewe. Jasho lake humtoa chumvi nyingi."

"Na hilo nalo ulilimeza," alisema Mama, akasukuma kibakuli cha chumvi mezani.