Barua ya Ellwood kwa Kiwanda cha Bunduki

Wewe ungealikwa kwenda kukiona kiwanda kilichotengeneza bunduki zako zote, ungevaa nini? Ellwood Stauffer alivaa suti ya kanisani, ile ya kijivu aliyoivaa siku ya harusi ya binti yake, na kichwani akaweka kofia ya chepeo yenye nembo ya kiwanda. Arlene, mkewe, alimwambia suti na kofia ile haviendani. Ellwood akamjibu kwamba haendi kwa mchungaji, anaenda kwa watu wanaomfahamu.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa Oktoba, saa kumi na mbili asubuhi, na majani ya miti ya barabarani yalikuwa yameanza kugeuka rangi. Pikapu ilikuwa imeoshwa mara tatu. Mara nne kabla ya hapo walikwenda likizo kukitazama kiwanda kile kutokea nje ya uzio, Ellwood akihesabu madirisha na Arlene akila mkate na jibini ndani ya gari. Safari hii walikuwa na barua ya mwaliko, karatasi nene. Arlene alikuwa ameoka pai mbili za molasi, maana huwezi kuingia kwa watu mikono mitupu, hata kama watu wenyewe ni kiwanda. Alizifunika kwa kitambaa cha jikoni chenye mistari ya buluu, akazipakata. Kwenye kiti cha nyuma, kile chembamba cha kuwekea mifuko, alikaa Merle, mdogo wake Ellwood, magoti yakimgusa kidevu. Merle alikuwa amekufa miaka kumi na tisa iliyopita, kwa hiyo hakupata ganzi.

Zamani Ellwood alimzidi Merle miaka mitatu. Sasa alimzidi ishirini na miwili. Merle alikuja jikoni kwao wiki moja baada ya mazishi, amevaa kizibao kile kile cha wawindaji cha rangi ya chungwa, chenye tundu kifuani, akauliza kama kahawa imebaki. Arlene akammiminia. Lile tundu alilishona mara mbili kwa uzi imara, na kila kulipokucha lilikuwa limefunguka, akaachana nalo. Tangu hapo shemeji yake alikuwa akija na kuondoka kama ndugu yeyote asiye na kazi.

Yaliyotokea yalijulikana bonde zima. Ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya kuwinda kulungu, siku ambayo hata shule hufungwa, nao ndugu wawili walikuwa wamerudi kwenye gari bila kupata kitu. Bunduki yenye risasi hairuhusiwi ndani ya gari. Na bunduki za muundo ule huwezi kuzitoa risasi mpaka kwanza uachie kifungio cha usalama. Bila hivyo komeo la kutolea risasi halifunguki. Ellwood aliilaza bunduki yake nyuma ya pikapu, akakiachia kifungio. Bunduki ikalia. Merle alikuwa amesimama mbele ya mtutu na chupa ya kahawa.

Mkuu wa polisi alipouliza, Ellwood alisema lazima aligusa triga. Hakukumbuka kuigusa, lakini bunduki ya kiwanda kile hailii yenyewe, basi aliigusa. Wiki ile ile akakiandikia kiwanda barua ya kuomba radhi kwa kuliingiza jina lao kwenye msiba wa familia yake. Hakuwinda tena. Lakini kila Novemba alinunua bunduki moja mpya ya kiwanda kile, akaipaka mafuta, akaifungia kabatini. Na kila alipolala aliulalia mkono wake wa kulia, kana kwamba ungeweza kutoka kitandani peke yake. Arlene aliliona hilo miaka yote kumi na tisa na hakupata namna ya kumsaidia.

"Kaka," Merle alisema walipovuka daraja, "siku ile pale kwenye gari..."

"Unajua mitutu yao hawaiyeyushi?" Ellwood alisema. "Wanaigonga chuma kikiwa baridi. Nyundo nne kwa mpigo. Ndiyo maana haipindi."

"Nimesikia," Merle alisema.

"Shemeji, ulikuwa unasema nini?" Arlene aliuliza.

"Si kitu, shemeji. Naona kama mvua itanyesha."

Walifika saa tano. Mapokezini alikuwapo mama mmoja aitwaye Trudy, miwani imening'inia shingoni kwa mnyororo. Aliandika beji mbili za mgeni, ya Ellwood na ya Arlene. Alipomtazama Merle alifungua droo nyingine, akatoa beji iliyokwisha chapwa: MGENI WA KUDUMU.

"Huduma kwa wateja ni mkono wa kushoto, mdogo wangu," alimwambia. "Msiwe na wasiwasi, viti tumeongeza."

"Nitazunguka na kaka yangu kwanza," Merle alisema.

"Vizuri. Huko hakuna haraka."

Aliyewatembeza aliitwa Hollis, fundi wa majaribio, mtu wa miaka thelathini kazini na kidole gumba cheusi kwa mafuta. Kiwanda kilinukia mafuta hayo na mbao za mjozi. Waliona kina mama wakichonga vitako vya bunduki kwa patasi ndogo kama kijiti cha meno, mistari midogo midogo, ili mkono usiteleze. Waliziona zile nyundo nne. Ellwood alizivulia kofia.

"Mzee, hizo ni mashine," Hollis alisema.

"Najua. Nimezisoma."

Pai ya kwanza iliishia kwa kina mama wa vitako. Ya pili Arlene aliifikisha chumba cha majaribio, akamkatia Hollis kipande, kisha akamkatia mumewe na kumtilia kwenye sahani. Katikati ya chumba, bunduki ya toleo jipya ilikuwa imelazwa juu ya kigoda chake, mtutu umeelekea pipa la mchanga. Ellwood alikuwa ameshapewa heshima ya kupiga risasi mbili. Ya tatu ilikuwa bado ndani.

"Hiyo itoe tu, mzee," Hollis alisema, mdomo umejaa pai. "Tunachelewa picha."

Ellwood alikuwa na sahani mkono wa kulia. Hakuona haja ya kuiweka chini. Akanyoosha mkono wa kushoto, akakisukuma kifungio cha usalama kwa kidole gumba.

Bunduki ikalia. Mchanga ukaruka kidogo pipani, ukatulia.

"Umegusa triga, mzee," Hollis alisema, bila ubaya wowote.

Wote waliutazama mkono wa kulia wa Ellwood. Ulikuwa umeshika sahani. Waliutazama wa kushoto. Kidole gumba kilikuwa bado juu ya kifungio.

"Lazima nimeigusa," Ellwood alisema.

"Umeigusa na nini?" Arlene aliuliza. "Na pai?"

"Hutokea sana, mama," Hollis alisema. Alitoa kijitabu mfukoni. Maneno *kosa la mteja* yalikuwa yamechapwa tayari kila ukurasa, yeye akajaza tarehe.

"Kaka," Merle alisema.

"Umeona ilivyotulia?" Ellwood alisema upesi. "Haikuruka hata kidogo. Kigoda hakikutikisika."

Sauti yake haikuwa ile ya darajani. Pai aliyokuwa nayo hakuimalizia.

Picha ilikuwa ipigwe chumba cha huduma kwa wateja. Kilikuwa chumba kirefu chenye mabenchi, na mabenchi yalikuwa yamejaa. Wengi walivaa vizibao vya rangi ya chungwa vyenye matundu, hapa au pale. Kila mmoja alikuwa na kikaratasi cha namba. Ukutani kibao kilionyesha namba saba. Walikuwa watu watulivu, wanakunywa kahawa, wanaulizana habari za barabara. Karibu na mlango alikaa bibi mmoja wa aproni, Bi Fenstermacher, ambaye jirani yake alikuwa akitoa risasi kwenye bunduki yake upande wa pili wa ukuta wakati yeye akimenya tufaha. Alikuwa anafuma skafu. Skafu ilikuwa imelizunguka benchi mara mbili.

"Nani huyo, Stauffer?" alisema aliposoma beji. "Ellwood Stauffer mwenyewe? Jamani sogeeni, mpisheni. Mwanangu, tunakusoma hapa kila siku."

Akatoa karatasi mfukoni mwa aproni. Aliyekaa naye akatoa yake. Benchi lote likatoa. Ilikuwa nakala ya barua moja, mwandiko wa Ellwood, ule wa herufi zilizosimama wima alizofundishwa shule ya msingi.

"Una mwandiko mzuri," mzee mmoja wa benchi la pili alisema. "Mke wangu aliletewa wiki ile ile ya mazishi. Aliweka Biblia juu yake, hakusema tena."

Barua yenyewe ilikuwa ukutani, ndani ya fremu ya mjozi, taa ndogo ikiimulika. *Kosa ni langu peke yangu,* ilisema. *Bunduki zenu hazina kosa, na mtu akisema vinginevyo msimsikilize.*

"Kila familia inayoleta malalamiko tunaitumia nakala," alieleza Trudy, aliyekuwa ameingia na kamera, akiisafisha fremu kwa kiwiko cha sweta. "Imetusaidia sana. Inatoka moyoni, unaona. Wanasheria hawawezi kuandika vile. Mzee, simama hapa kushoto. Mama, wewe kulia. Shikilieni kalenda hii ya kiwanda."

Wakapigwa picha. Ellwood hakucheka, lakini watu wa umri wake hawachekei picha, kwa hiyo haikuonekana. Trudy akampa ubao wa shaba wenye jina lake, na Merle akapewa kikaratasi cha namba mia mbili na kumi na nne.

Ellwood alibaki akiisoma barua, kofia mkononi, kama mtu anayesoma ya mtu mwingine.

"Naomba barua yangu," alisema.

"Ile ni ya kiwanda, mzee," Trudy alisema kwa upole. "Ila nakala nakupa. Tunazo nyingi."

Akampa. Ellwood akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa suti. Wakati wanatoka, Bi Fenstermacher alimshika Arlene mkono.

"Mwanangu, hiyo ni molasi ya giza au ya dhahabu?"

"Ya giza, mama."

"Nilijua. Inanukia mpaka huku." Akaendelea kufuma. Kibao kilionyesha saba.

Kwenye pikapu Arlene alimwambia Merle akae mbele, yeye angekaa nyuma na sahani zake. Merle akakaa mbele. Mvua aliyoisema asubuhi ilianza kunyesha walipotoka mjini. Ellwood aliiweka kofia juu ya dashibodi, nembo ikiangalia chini, akawasha vipangusio. Wakapita vituo viwili vya mafuta. Wakapita duka la bunduki ambako kwa kawaida yeye husimama, asinunue kitu, asalimie tu. Hakusimama. Mpaka wanafika darajani hakuwa amekisifu chochote, na Arlene, aliyekuwa ameolewa naye miaka arobaini, alijua kwamba hali ile haijapata kutokea.

"Haya, shemeji," alisema kutoka nyuma. "Leo hakuna anayekukatiza. Ulikuwa unataka kusema nini?"

Merle aliutazama mkono wa kulia wa kaka yake juu ya usukani.

"Mkono huo ulikuwa umeshika kikombe, kaka. Nilikuwa nakumiminia kahawa, nilikuona," alisema. "Miaka kumi na tisa nataka kukwambia, ila kila nikifungua mdomo wewe unaisifu bunduki."