Vistari Viwili

Mahali palipopaswa kuwa na namba ya rangi, kiwanda kilikuwa kimegonga vistari viwili tu. Duane, fundi wa rangi, alikisugua kile kibati cha maelezo ya gari kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akakimulika kwa tochi, akakisugua tena, kana kwamba namba ilikuwa imejificha chini ya uchafu kwa aibu. Vistari vikabaki vistari.

"Mzee Reino," alisema, akitoa kichwa chini ya boneti, "mkeo alikuwa mtu wa namna gani?"

"Kwa nini?"

"Mwaka wa sabini gari hili lilikuwa na rangi kumi na tano za kuchagua. Yeye alizitazama zote akazikataa. Akaagiza ya kwake. Ndiyo maana hapa hakuna namba. Miaka thelathini napuliza rangi, haya ya vistari nimeyaona mawili."

Reino aliitikia kwa kichwa. Tangu Januari alikuwa akiitikia kwa kichwa tu, na watu waliridhika.

Elma, mkewe, alifariki katikati ya baridi, ardhi ya mji wetu wa Negaunee ikiwa imeganda futi nne kwenda chini. Huku kwetu anayekufa majira hayo hungoja. Jeneza lake liliwekwa katika chumba cha mawe kando ya makaburi, pamoja na mengine saba, mpaka udongo ulainike. Sasa mchungaji alikuwa amepiga simu: maziko ni Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Reino aliiandika tarehe hiyo kwenye kalenda ya jikoni jinsi mtu anavyoandika siku ya kwenda kwa daktari wa meno.

Hakuna kilichomuuma. Alikula walicholeta akina mama wa kanisani, akaosha mabakuli, akayarudisha. Alikuwa kama mguu uliolaliwa vibaya: upo, ukiugonga unasikia mlio, lakini si wako. Alitaka kitu kimoja tu, na hata hicho alikitaka kwa mbali. Alitaka kulifuata jeneza akiendesha gari la Elma, likiwa na rangi ileile aliyolinunua nayo.

Kwa maana lilikuwa gari la Elma kweli. Alilinunua kwa mshahara wake wa kampuni ya simu, akiwa na miaka ishirini na miwili, kabla hata hawajajuana: milango miwili, pua ndefu, injini ya kutikisa vikombe kabatini. Mwaka wa sabini na nne, mwaka wa ndoa yao, Elma alikwenda kumuuguza mama yake kwa wiki tatu. Reino akalipaka gari rangi nyeusi. Zawadi. Elma aliporudi alilizunguka mara moja, akasema, "Linang'aa." Tangu hapo likawa jeusi, na hakuna aliyelizungumzia.

"Basi nikumbushe," alisema Duane. "Lilikuwa rangi gani? Wewe si uliliona?"

"Nimesahau."

Hakuwa amesahau. Hakuwahi kujua. Macho ya Reino hayakutenga wekundu na ukijani. Kwake damu na majani mabichi vilikuwa vya ukoo mmoja. Kule Flint, kwenye kiwanda cha magari, alipita kipimo cha macho kwa sababu binamu yake, aliyetangulia kwenye foleni, alimnong'oneza tarakimu zilizo kwenye kila kadi. Kwa miaka thelathini akafunga matairi, ambayo kwa bahati njema yote ni meusi. Barabarani aliangalia taa inayowaka iko juu au chini. Na gari la Elma, siku ya kwanza kuliona, alilionea huruma. Lilikuwa na rangi ya udongo mkavu, na alishangaa msichana mchangamfu vile amelitoa wapi. Alilipaka rangi nyeusi kwa sababu ndiyo rangi pekee aliyoiamini.

Walitafuta mahali ambapo mkono wa Reino haukufika mwaka ule alipolipaka. Duane alibandua mpira wa mlango, na chini yake kukawa na ukanda wa rangi ya kale, upana wa vidole viwili. Kisha akamletea Reino sanduku la kadi za rangi za miaka hiyo.

"Rangi za kuagiza mara nyingi walizichukua kwenye orodha ya malori au ya miaka ya nyuma. Linganisha taratibu, ukipata inayofanana nipigie namba. Mimi nakwenda Marquette, nitakuwa palepale wanapochanganya rangi. Si kazi ngumu. Ni macho tu."

Hapo ndipo Reino alipopaswa kusema ukweli. Alivuta kiti, akakaa mbele ya mlango, akaanza kuweka kadi moja baada ya nyingine juu ya ule ukanda. Ya arobaini na kitu ikaingia pale kama maji ndani ya maji. Hata mpaka wake haukuonekana. Akampigia Duane namba, akarudi nyumbani, akalala fofofo.

Kesho yake aliitwa gereji. Aune, mdogo wake Elma, alikuwa ameshafika na kikapu cha pai za nyama na viazi. Hakuna mtu katika mji ule aliyeweza kupaka rangi, kuzaa au kufa bila Aune kufika na pai. Duane alikuwa amepuliza kipande cha bati cha majaribio na kukining'iniza kando ya mlango.

"Kijani!" alisema Aune. "Shemeji, tunamzika Elma au tunamzika chura?"

Reino alitazama bati, akatazama ule ukanda. Vilikuwa kitu kimoja.

"Labda uliandika namba vibaya, mzee," alisema Duane kwa upole. "Mbona ule ukanda ni..."

"Usimwambie," Aune alimkatiza. Aliweka kikapu chini. "Reino, hujaona tofauti, sivyo?"

Miaka sabini na minane aliyotembea na siri ile ilisimama nyuma yake, ikingoja. Akaona uzito wa kuibeba umezidi faida yake.

"Sijaona."

"Elma alijua," alisema Aune. "Ulidhani nani alikuwa anakupangia soksi? Mashati yako ya Krismasi yalijichagua yenyewe?"

"Tangu lini?"

"Tangu alipokuta umelipaka gari lake rangi nyeusi ukatoka nje unacheka kama umemjengea ghorofa. Alikwenda bafuni akalia. Mimi ndiye niliyeshika mlango. Akaniambia, 'Aune, haoni. Kumbe miaka yote haoni.' Halafu akanawa uso, akatoka."

"Akasema linang'aa."

"Si lilikuwa linang'aa?"

Reino aliisikia habari hiyo kama mtu anayesomewa hali ya hewa ya mji mwingine. Alijua itamfikia. Haikuwa imefika.

Duane alikohoa. Alikuwa na kazi, na siku tisa tu kabla ya maziko. Akachukua sanduku la kadi, akazipekua mwenyewe, akatoa mbili. "Ni moja kati ya hizi. Jamaa moja, ila hii imekolea na hii ni nyepesi. Chini ya mpira gundi imeichafua rangi, na nyuma ya dashibodi walipuliza nusunusu. Kwa jicho siwezi kuapa. Bibi Aune?"

Aune alizipeleka kadi dirishani, akazirudisha, akazipeleka tena. "Miaka hamsini, mwanangu. Leo nasema hii, kesho nitasema ile. Chagua unayotaka, Reino. Hakuna atakayejua."

Elma alikuwa amezikataa rangi kumi na tano. Reino aliliwaza hilo akiwa amesimama, mikono mifukoni, na likamjia kwa namna isiyo ya kawaida, kama jambo linalomhusu. Msichana wa miaka ishirini na miwili aliketi mbele ya muuzaji, akasema hapana mara kumi na tano. Na sasa Reino anaambiwa achague yoyote.

"Nisubirini," alisema.

Nyumba ilikuwa hatua chache tu, ng'ambo ya barabara. Alirudi amekumbatia koti la sufu la kike, la mtindo wa zamani, lenye harufu ya dawa ya nondo.

"Koti la kijani la Elma," alisema Aune. "Bado unalo?"

"Alikuwa ananijia nikitoka zamu, Novemba ya mwaka ule tulipojuana. Kioo kashusha, na baridi yote ile, mkono kauegemeza mlangoni hivi." Alionyesha. Hakuwa amezungumza maneno mengi hivyo tangu Januari. "Mkono ulikuwa hauonekani. Koti na mlango kwangu vilikuwa kitu kimoja. Naona uso na kiganja tu, vinaelea. Nilikuwa nasimama getini kwanza, nausubiri mkono utikisike ndipo nijue uko wapi. Kadi itakayopotea juu ya sufu hii ndiyo rangi ya mlango."

Alikaa kwenye kiti, akalitandaza koti magotini, akanyoosha mkono mmoja wa koti. Akaweka juu yake ile kadi iliyokolea. Aliiona: kivuli cha pembe nne juu ya sufu. Akaiondoa. Akaweka ile nyepesi.

"Mimi naziona zote mbili," alisema Aune polepole. "Zinapiga kelele kabisa hapo."

Reino aliinamisha kichwa, akakiegemeza upande huu, kisha upande ule. Juu ya sufu hakukuwa na kadi. Palikuwa na mkono wa koti, mtupu, ukiwa umelala pale ulipoegemezwa, na ncha za vidole vyake mwenyewe zikishikilia kitu asichokiona.

"Ndiyo hiyo?" aliuliza Duane. Alikuwa ameshatoa kalamu. "Mzee, nipe basi niandike namba."

"Ngoja," alisema Reino.

Akaipapasa sufu mpaka kwenye pindo, taratibu, akausubiri mkono utikisike.