Nilivyoitukana Thamosi ya Mukai

Mwezi wa tano ukifika, hosteli za mitaa ya Tena na Umoja, hapa Nairobi, zinatapika vitu. Wanafunzi wamemaliza masomo, wanarudi makwao, na hakuna anayetaka kupanda basi la Mombasa na godoro kichwani. Hapo ndipo sisi wanunuzi wa vitu kuukuu tunapopata riziki. Mimi na mke wangu Mukai tuliifanya kazi hii miaka kumi na tisa, tangu nilipoachishwa udereva. Tunanunua vitu wanafunzi wakihama, tunawauzia wageni wanapofungua chuo, na mtungi mmoja wa gesi unaweza kupita mikononi mwetu mara nne.

Kazi hii ina ufundi wake. Ukiingia chumbani, kitu unachokitaka hukitazami. Unaanza na kile usichokihitaji, unakisifu kidogo. Ukifika kwa kile ulichokijia, unakiponda mpaka mwenyewe aone haya kuwa nacho. Mtungi, unasema una kutu. Godoro unalibonyeza kwa kidole kimoja huku umekunja uso. Mimi katika mambo hayo nilikuwa bingwa, sijisifu.

Mukai alikuwa hafai kabisa. Yeye alikuwa akija na thamosi yake kubwa nyekundu, anakaa juu ya godoro ambalo bado hatujalinunua, anamimina chai. Halafu anaanza: umesomea nini, mama yako hajambo, kazi utatafutia wapi? Mimi nimesimama mlangoni nachemka. Chai ikiisha, mtoto wa watu ameshamwita mama, naye Mukai ameshataja bei ambayo haina faida yoyote.

Wakati ule niliona ananipotezea siku. Tukishuka ngazi nilimgombeza kuanzia ghorofa ya nne mpaka langoni, na yeye alicheka tu, kicheko chake kile cha kifuani, thamosi imening'inia mkononi. Leo ningetoa kila nilicho nacho nisimame mlangoni tena nichemke.

Mukai alifariki Novemba. Tulimzika kwetu Mwala, nami nikarudi Nairobi nikiwa na hasira na kila kitu, hata na jua. Sikutaka kukiona kibanda chetu cha kuuzia vitu. Nikampa funguo Jackton, kijana tunayefanya naye biashara, nikamwambia auze vyote vilivyomo, asibakishe hata kijiko. Jackton akafanya nilivyomwambia.

Nilikuja kukumbuka mwezi wa pili, asubuhi, nikitafuta kitu cha kuwekea chai. Thamosi ya Mukai haikuwa nyumbani. Yeye aliiweka kibandani, kwenye rafu, katikati ya vitu vya kuuzwa. Nilitoka mbio na kandambili.

"Mzee, si ulisema vyote?" Jackton akaniuliza, uso umemshuka. "Kuna msichana wa hosteli aliichukua Januari. Jina sikumuuliza. Pole sana, mzee wangu, ningejua ningekuwekea."

Nilitaka kumrukia, lakini nimrukie kwa kosa gani? Aliyesema viuzwe vyote ni mimi. Nikarudi nyumbani nikakaa kitandani, na nakuambia kweli, nilimlilia mke wangu siku ile kuliko siku ya maziko. Nguo zake dada zake walikuwa wamezigawana. Picha tulikuwa nazo mbili tu, na zote amefumba macho. Thamosi ile ndiyo iliyokuwa yeye hasa.

Basi nikangoja mwezi wa tano. Msichana wa hosteli atahama, na akihama atauza. Jackton akivuta mkokoteni, mimi nikipanda ngazi, tukamaliza hosteli moja baada ya nyingine kwa wiki mbili. Kununua nilinunua, lakini macho yangu yalitafuta kitu kimoja tu, chekundu chenye kifuniko cha kijani. Kifuniko chake cha asili kilivunjika zamani, na Mukai akaazima kingine kwenye thamosi nyingine, akakikaza kwa mpira wa chupi. Hapakuwa na ya pili kama hiyo Nairobi nzima.

Nikaipata siku ya Jumanne, hosteli ya manjano nyuma ya soko, ghorofa ya tatu. Mwenye chumba aliitwa Hayat, binti wa Malindi aliyemaliza uuguzi, mwembamba, buibui lake limekunjwa mikono kwa kazi.

"Shikamoo, babangu. Karibu," akasema. "Vya kuuza ni hivi vilivyo katikati."

"Marahaba," nikasema, lakini sikuangalia katikati. Thamosi ilikuwa dirishani. Nikashika mlango.

Sasa hapo mtu mwenye akili angesema: binti, ile ni ya marehemu mke wangu, nakuomba. Maneno hayo nilikuwa nimeyafanyia mazoezi wiki mbili. Lakini mdomo una mazoea yake. Niliingia chumbani kama mnunuzi, na mdomo ukafanya kazi ya mnunuzi.

"Ndoo hizi ni nzuri," nikasema. "Ile thamosi ya dirishani nayo unaitupa?"

"Ile siuzi."

Kila mwanafunzi anayetaka kuongezewa bei husema siuzi. Nimelisikia neno hilo mara elfu, na dawa yake ninaijua.

"Na nani atainunua?" nikasema. "Imechoka. Kifuniko si chake, kimefungwa kwa mpira kama kuku mgonjwa. Chai ikikaa humo nusu saa, ni maji ya kuoshea miguu. Mimi nitakusaidia tu, niichukue na ndoo."

"Mzee, nimekwambia siuzi. Ni ya mwenyewe."

"Huyo mwenyewe hana haya? Kitu kibovu namna hii unamwekea mtu?"

Hayat akaitoa dirishani, akaikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili. Macho yalikuwa yamemjaa maji.

"Toka," akasema. "Vitu vyangu huvinunui tena, hata ndoo. Toka chumbani mwangu."

Sikutoka. Niliiona thamosi ile mikononi mwake, nikaona inakwenda Malindi, na nimeipeleka mimi kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Ni ya nani, binti?" nikauliza, na sauti haikuwa ya mnunuzi tena.

Nadhani sauti hiyo ndiyo iliyomfanya anijibu. Akasema kwamba miaka miwili iliyopita babake aliugua, karo ikakosekana, naye akaamua kuacha chuo. Akabandika karatasi langoni kwamba anauza kila kitu. Akaja mama mmoja wa Kikamba, peke yake, na chupa ya chai. Wakanywa vikombe viwili. Mama akamuuliza amebakisha miaka mingapi, kisha akasimama akakung'uta leso yake.

"Akaniambia, 'Godoro lako silinunui, hujamaliza kulilalia,'" Hayat akasema. "Akanishika mkono mpaka kwa mwenye hosteli, akamwomba anipe muda wa kodi. Akanituma ofisini chuoni nikaombe kulipa karo kidogo kidogo. Mimi sikujua kama mtu anaweza kuomba hivyo. Kisha nikapelekwa Kitui kwa mafunzo ya hospitali. Niliporudi Januari nikamtafuta kibandani nimwambie namalizia. Nikaikuta chupa yake inauzwa. Kijana aliyekuwepo akasema mama amekwenda nyumbani. Nikainunua nimwekee. Akirudi tu, nitampa."

Amekwenda nyumbani. Katika biashara yetu kitu cha marehemu hakitajwi kuwa cha marehemu, maana mteja atakiacha hapo hapo. Jackton alisema alivyofundishwa, na aliyemfundisha ni mimi.

Ningeweza kusema, basi nipe nimpelekee. Ningeipata, na mtoto angesafiri na furaha yake. Lakini nilikuwa nimeshatumia ufundi wangu wa kutosha katika chumba kile.

"Harudi, binti," nikasema. "Amefariki. Novemba. Mimi ni mume wake, na hiyo thamosi nimeitafuta kila hosteli. Si mbovu. Inaweka chai moto kutoka alfajiri mpaka adhuhuri, na hakuna kitu kizuri zaidi yake katika nyumba yangu. Nisamehe kwa maneno yangu."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kusifu kitu ninachokitaka kabla sijakipata.

"Inna lillahi," Hayat akasema, akakaa chini kwenye godoro. Akanitazama. "Wewe ndiwe Matheka?"

"Alinitaja?"

"Alikutaja sana. Nilimwambia, mama, utarudi mikono mitupu, mzee atakwambiaje? Akacheka. Akasema, 'Matheka wangu atapiga kelele mpaka jioni, kesho yake ameshasahau.'"

Ndipo siku ile ikanirudia. Nilikuwa nimetoka Kiamaiko kumpelekea mchinjaji mmoja wa mbuzi kitanda, nimechoka, na Mukai akaingia uani na mkokoteni mtupu. Nilimwita mjinga. Nilimwambia anagawa mali yetu kwa watoto wa watu, nikasema mengine ambayo siyaandiki, na majirani wakasikia. Yeye akasema tu kwamba hawakukubaliana bei. Akanipakulia muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, akakaa upande wake wa meza, na hakuniambia neno lolote juu ya Hayat, siku ile wala siku nyingine.

Hayat alinyanyuka, akaniwekea thamosi mikononi. Nikaishika. Kifuniko cha kijani, mpira, mkwaruzo wa ubavuni, kila kitu mahali pake.

"Alisema kweli, siyo?" akaniuliza kwa upole, nadhani akitaka kunifariji. "Kesho yake ulisahau?"

"Nilisahau," nikamwambia. "Mpaka uliposema sasa hivi, mwanangu, nilikuwa nimesahau kabisa."