Imesemwa Vizuri, Kula Samaki

Jumanne, tarehe 12 Mei 1987. Anga lilikuwa jeupe, halina wingu, ila upepo ulikuwa ukitoka baharini tangu alfajiri na kugonga madirisha ya kijiji cha Vasayan kama mtu aliyesahau ufunguo.

Crisanto Dimaano alipiga magoti kando ya kitanda, akaomba kama alivyoomba kila asubuhi kwa wiki sita: "Baba, nipe shahidi mkweli."

Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Huko Manila alipanga barua posta mchana na kusoma jioni, mpaka chuo kikamtuma huku visiwani Batanes aandike kitabu cha kusomea cha Kiivatan, lugha ya visiwa hivyo, kwa watoto wa darasa la kwanza. Ijumaa ndege ingemrudisha. Jumatatu daftari lake lingeingia mtamboni kuchapwa. Kosa lolote lililomo lingeimbwa na darasa zima, mwaka baada ya mwaka, na wazo hilo lilimnyima usingizi.

Mwenyeji na mwalimu wake alikuwa Bibi Visitacion Barsana, mama wa miaka sabini na sita. Kazi yao ilikwenda hivi: Crisanto alitunga sentensi, akaisoma, bibi akaamua. Sentensi mia mbili na kumi na moja zilikuwa zimepita mbele yake. Hakuna iliyoanguka. Mwanzoni Crisanto alimshukuru Mungu kwa kipaji. Kufikia wiki ya nne alianza kukishuku kipaji chenyewe.

Asubuhi hiyo alikuwa amepanga mezani vikaratasi, kila kimoja na neno lake. Upepo ukapita dirishani, ukavibeba vyote. Crisanto alivifukuza mpaka chini ya kabati, akavirudisha ovyo, na kwa kuwa alikuwa bado anahema, akasoma kama vilivyokaa. Kwa Kiswahili ungesema: "Nyasi bibi mbuzi jana la alikula paa."

"Imesemwa vizuri, mwanangu," alisema Bibi Visitacion. "Kula samaki."

Crisanto aliinua macho. "Bibi, umenisikia?"

"Nimekusikia. Umetoka mbali, na umekonda. Kula."

Alikula. Samaki alikuwa mtamu, lakini sasa hakuiamini hata moja kati ya zile sentensi mia mbili na kumi na moja.

Siku iliyofuata upepo ulitulia, na kijiji kizima kikaenda kumwezekea nyumba Tomas Elica, mgane wa nyumba ya tatu. Kazi ya paa haina mwaliko. Mwenye mikono anakwenda. Crisanto alikwenda pia, daftari likiwa ndani ya shati, maana hakujua lingine la kufanya nalo. Wakampandisha ukingoni mwa paa, akapewa kamba na miganda ya nyasi.

Chini alisimama Bibi Visitacion, kichwani amevaa vakul, ile kofia ya nyuzi ndefu zinazoshuka mpaka mgongoni, mkononi ameshika fimbo.

"We mtu wa Manila," aliita. "Hiyo kamba umeifunga au umeibembeleza?"

Crisanto aligeuka kuona kama ni bibi yuleyule.

"Usiniangalie mimi, angalia mganda. Nani kakufundisha, kuku? Fungua, anza upya. Na wewe Tomas, usicheke. Upande wako panya atapita amevaa kofia."

Watu walicheka, Tomas pia, wala hakuna aliyenuna. Crisanto alifungua, akafunga, akakosolewa, akafunga tena. Kisha akamsogelea Tomas.

"Kaka, huyu bibi leo kaamkia upande gani?"

"Upande wake wa siku zote," alisema Tomas, kamba ikiwa menoni. "Mezani wewe ni mgeni. Nani amkosoe mgeni, na sahani iko mbele yake? Hapa juu huna ugeni. Ukifunga vibaya na tukakunyamazia, kimbunga kitakuja kutusemea."

Ombi la wiki sita lilikuwa limejibiwa, tena shahidi alikuwa na fimbo. Crisanto akajifuta mikono, akatoa daftari.

"Bibi," aliita kutoka juu. "Nafunga na sentensi hii." Akasoma sentensi ya kwanza.

Juu ya paa wote waligeuka.

"Nani huyo anaongea?" aliuliza Bibi Visitacion. "Ana homa?"

"Ni mimi, bibi. Ukurasa wa kwanza."

"Fungua, anza upya."

Basi mambo yakawa hayo. Crisanto alifunga mganda, akasoma sentensi, na watu ishirini wakaishukia. Mmoja alisema hivyo huongea padri akiwa na njaa. Mwingine alisema hata mbuzi wake angeona aibu. Waligombana wenyewe kwa wenyewe, upande wa mashariki wa paa dhidi ya upande wa magharibi, na Crisanto akaandika kwa penseli mpaka vidole vikafa ganzi. Moyo ulimuuma, kwa kuwa kila sentensi aliitunga kwa upendo. Lakini hakuacha kusoma.

Jua likiwa limeanza kushuka alifika ya mia mbili na tatu, ya mama anayeita watoto waje ndani kabla ya mvua. Akaisoma, akainamisha kichwa kungoja fimbo. Fimbo haikuja. Akangoja zaidi.

"Hiyo iache," alisema bibi taratibu. "Hivyo ndivyo mama yangu alivyotuita."

Kazi ilipoisha, wakateremka wote mpaka uani kwa bibi. Bibi Visitacion alikuwa ameshaweka kiti na sahani ya samaki, na uso wake umeanza kulainika. Crisanto aliona hatari.

"Sikai, bibi. Nikikaa nitakuwa mgeni tena, na zimebaki sentensi nane. Niahidi kwanza, hawa wakisikia."

Watu wakasogea, nyasi bado ziko nyweleni. Bibi alimtazama Tomas, akaitazama sahani, akashusha pumzi kama mtu anayetakiwa kutenda dhambi nyumbani kwake. Kisha akapiga fimbo chini.

"Mimi, Visitacion Barsana, mbele ya Mungu na ninyi mliopo hapa, naahidi. Sitamwambia tena mtoto huyu kwamba imesemwa vizuri mpaka iwe imesemwa vizuri, hata akiwa kwenye kiti changu, hata akiwa na samaki wangu mdomoni."